Je, Badal Sircar aliliacha jukwaa kwa sababu ya ukata?

*Swali: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari moja mkoani Tanga. Kwa miaka 4 nimekuwa na kikundi cha vijana 11, wengine wameshamaliza shule, na tunafanya mazoezi kila Jumamosi. Ukumbi tuliokuwa tukipewa bure sasa tunatakiwa kuulipia, nasi hatuna kitu. Rafiki yangu aliyesoma India amenisimulia habari za Badal Sircar, mwongozaji wa Kibengali aliyekuwa mhandisi, ambaye aliliacha jukwaa akaanza kuigiza chini, katikati ya watu, bila mapazia wala taa. Nimevutiwa sana. Lakini je, aliliacha kwa kukosa fedha kama sisi? Hiyo "Thieta ya Tatu" yake ni sawa na ile michezo ya kuhamasisha usafi na chanjo ambayo vijana wangu wameichoka? Wazazi wanasema bila jukwaa hiyo si tamthilia, ni mchezo wa watoto. Na mwisho, nifuate nyayo zake, niache ualimu nishughulikie sanaa tu?*

Mwalimu, umeuliza maswali manne lakini nayaona yana mzizi mmoja: unahofia kwamba mnataka kuupa ukata wenu jina la heshima. Ni hofu ya mtu mkweli, na ndiyo nitakayoanza nayo. Badal Sircar hakuliacha jukwaa kwa kukosa fedha. Wakati anaanza kujitenga nalo alikuwa miongoni mwa waandishi wa tamthilia waliotafutwa sana India nzima. Mwaka 1968 alikuwa ameshapewa tuzo ya Sangeet Natak Akademi, taasisi ya taifa ya muziki, ngoma na tamthilia ya nchi hiyo, na mwaka 1972 serikali ikamtunuku nishani ya Padma Shri. Kumbi zilikuwepo, na watazamaji wa kulipa kiingilio walikuwepo. Hakufukuzwa na mtu. Aliondoka mwenyewe, na alikuwa na sababu.

Alizaliwa Calcutta (leo Kolkata), mji wa Bengal, mashariki mwa India, tarehe 15 Julai 1925, jina lake halisi Sudhindra. Baba yake alifundisha historia katika chuo cha Scottish Church. Yeye alisomea uhandisi wa ujenzi Shibpur, ng'ambo ya mto Hooghly, kisha akawa mpangaji wa miji: kazi ya ramani, barabara, viwanja na mitaro. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikwenda London kuiongezea elimu kazi hiyo, na huko akaona tamthilia ikichezwa katikati ya chumba, watazamaji wameizunguka pande zote. Likamkaa moyoni, ingawa halikumbadilisha siku hiyo hiyo. Alirudi akaendelea kuandika vichekesho kwa ajili ya jukwaa la kawaida, na aliviandika vizuri. Jambo hili napenda ulikumbuke vijana wako watakapotaka kuruka hatua: aliyekuja kuvunja kanuni za jukwaa alikuwa ameshazijua zote.

Mwaka 1963 akaandika *Ebong Indrajit*, yaani "Na Indrajit". Mwandishi mmoja anatafuta watu wa kuwaandikia mchezo, anawaita vijana wanne waliochelewa kuingia ukumbini. Wanajitambulisha kwa majina yenye mlio mmoja: Amal, Vimal, Kamal, Nirmal. Yule wa nne anabanwa mpaka anakiri kwamba haitwi Nirmal, anaitwa Indrajit. Alilificha jina lake kwa kuogopa kuwa tofauti na wenzake. Kuanzia hapo tunawaona wakipita shule, mitihani, usaili wa kazi, ofisi na ndoa, duara lile lile, na Indrajit akitafuta pa kutokea asipapate. Vijana wa miji ya India walijiona humo kama kwenye kioo. Tamthilia ikatafsiriwa kwa Kihindi na lugha nyingine, na Girish Karnad, ambaye naye ni mwandishi mkubwa wa tamthilia, akaitia kwenye Kiingereza.

Katikati ya miaka ya 1960 Sircar alikuwa Nijeria akifanya kazi yake ya mipango miji, na baadhi ya tamthilia zake zinazojulikana zaidi aliziandika akiwa huko, Afrika. Aliporudi, mwaka 1967, akaanzisha kikundi chake, Satabdi, maana yake "karne". Satabdi kilianza kwenye jukwaa lenye pazia, kama vikundi vingine vyote vya Calcutta.

Sasa nifike kwenye sababu yenyewe. Keti mwenyewe kwa mawazo katika ukumbi wa kawaida. Mwigizaji yuko juu, kwenye mwanga mkali. Wewe uko chini, gizani. Yeye hakuoni, na ametakiwa ajifanye haupo. Jirani yako humwoni vizuri, na ukimsemesha utakemewa. Aliyelipa zaidi amekaa mbele, aliyelipa kidogo amesogezwa nyuma anakotazama visogo. Sircar alijiuliza: kama ndivyo, tofauti yetu na sinema ni nini? Sinema inaweza kuonyesha bahari, vita na jumba la mfalme kuliko mbao na rangi zetu. Tukishindana nayo kwa kudanganya macho tutashindwa kila siku. Kitu kimoja tu sinema haiwezi kukipata: mtu hai kuwa mbele ya mtu hai, saa ile ile, mahali pale pale.

Kwa maelezo yake, mawasiliano katika tamthilia yana njia nne. Mwigizaji humpelekea mtazamaji. Mtazamaji naye humrudishia mwigizaji. Waigizaji wenyewe kwa wenyewe hupokezana. Na watazamaji nao hugusana, mmoja akimwona mwenzake akicheka au akiinamisha uso. Ukumbi wenye giza na jukwaa lililoinuliwa unazidhoofisha njia hizi, na ile ya mwisho unaikata kabisa. Shusha mwigizaji sakafuni, washa taa moja kwa wote, wapange watu wamzunguke, na njia zote nne zinafunguka. Hiyo ndiyo hesabu yake, na ukiitazama utaona ni hesabu ya mpangaji wa miji: alitazama nafasi, akauliza inawafanya nini watu waliomo ndani yake.

Jina la Thieta ya Tatu limewapotosha wengi, hata wanafunzi wangu. Wanadhani ni daraja la tatu, kama behewa la treni. Sircar aliita thieta ya kwanza ile ya vijijini, michezo ya jadi kama *jatra* ya Bengal. Ya pili ni ya mjini, iliyoigwa kwa Waingereza, yenye fremu na pazia. Aliona ile ya kwanza inapendwa na umati na ina uhai tele, lakini mara nyingi inabeba mawazo ya kale yanayomwacha maskini na mwanamke pale pale walipo. Ile ya pili ina mawazo mapya, lakini inayapeleka kwa watu wachache wa mjini, kwa umbo lililopoa. Ya tatu ilikuwa ni kuziunganisha. Hakutaka kuchukua ngoma ya kijijini akaivalisha joho la mjini, kosa ambalo sisi nasi tunalifanya sana kwenye sherehe za kitaifa. Alitaka lugha mpya ya mwili na sauti ambayo mtu wa mjini na wa shambani wangeielewa wote wawili.

Mwaka 1969 alisafiri Umoja wa Kisovieti, Polandi na Chekoslovakia, na akaona kazi ya Jerzy Grotowski, mwongozaji wa Polandi aliyekuwa amevua jukwaa kila kitu ila mwigizaji. Miaka michache baadaye akaona vikundi vya Marekani vilivyokuwa vikicheza nje ya kumbi. Alijifunza kwao, lakini nakuomba usiwakubalie wanaosema alinakili tu kutoka Ulaya. Swali alikuwa nalo tangu London, na Bengal ilikuwa na michezo ya uwanjani kabla ya hao wote.

Mwaka 1971 Satabdi kikacheza *Sagina Mahato* chini sakafuni. Baadaye kikapata chumba kimoja katika jengo la Academy of Fine Arts, na humo wakacheza *Spartacus* kutoka riwaya ya Mmarekani Howard Fast, watumwa wakiwa kundi moja la miili inayohema pamoja. Halafu, mwaka 1974, ikaja *Michhil*, maana yake "maandamano". Hapa nitakaa kidogo, maana ukiielewa hii umemwelewa mtu huyu. Viti vya watazamaji havikupangwa kwa safu. Vilipangwa kama vichochoro vyenye kona, waigizaji wakapita humo humo kama umati unavyopita mitaani Calcutta. Kijana aitwaye Khoka anapiga kelele kwamba ameuawa, kwamba anauawa kila siku, na wenye mamlaka wanasema hakuna aliyekufa. Maandamano yanapita, ya dini, ya siasa, ya chakula, moja baada ya jingine, na mzee mmoja aliyepotea anatafuta yale ya kweli, yatakayompeleka nyumbani. Mwisho waigizaji wanashikana mikono wakiimba na watazamaji wanakaribishwa kuingia. Aliyekuwa amekaa kwenye kona ya kichochoro amekuwa ndani ya maandamano muda wote bila kujua.

Mwaka huo huo kijana mmoja wa tamthilia, Prabir Dutta, aliuawa katika purukushani ya polisi kwenye bustani ya Curzon Park, mahali ambapo vikundi vilikuwa vikicheza hadharani. Nakutajia hili ili uelewe kwamba kucheza katikati ya watu hakukuwa mtindo wa kuvutia tu. Kulikuwa na gharama.

Fedha basi zinaingia wapi? Zinaingia baadaye, kama tunda. Sircar alitaka thieta inayobebeka, inayokubali mahali popote, na isiyo ya gharama. Ukishaondoa ukumbi, mapazia, taa na mavazi ya kukodi, humhitaji mfadhili, na asiye na mfadhili hahitaji kumwomba mtu ruhusa ya kusema neno. Walifikia hatua ya kuacha kuuza tiketi, wakawa wanapokea mchango wa hiari baada ya mchezo. Yeye alianza na uhuru ukamletea unafuu wa gharama. Ninyi mnaanza na ukata. Unaweza kuwafikisha pale pale, lakini kwa sharti moja: muwe na neno ambalo lazima lisemwe kwa mtu aliye hatua mbili mbele yako. Kama neno hilo halipo, kuondoa jukwaa kutawaacha wazi tu.

Hapo ndipo tofauti na michezo ya usafi na chanjo inapoonekana. Sijaidharau michezo hiyo, nimeifanya mwenyewe. Lakini mara nyingi ujumbe unaletwa umeshafungwa, kikundi kinaupeleka, watu wanapiga makofi. *Bhoma* ya Sircar, ya mwaka 1976, ilizaliwa kinyume chake. Walisikia habari za maisha ya wakulima wa Sundarbans, nchi ya mikoko na maji ya chumvi kusini mwa Calcutta, wakajiuliza sisi watu wa mjini tunahusikaje na njaa yao. Waigizaji hawana majina, ni namba. Bhoma mwenyewe, mkata msitu, haonekani. Mchezo haumfundishi mkulima kitu, unamgeukia anayekula mchele wake. Kisha wakaupeleka huko huko kwa wakulima. Baadaye vikundi vya aina hii vilitembea kwa miguu kijiji hadi kijiji kwa siku kadhaa, vikicheza na kula chakula walichopewa na wenyeji.

Kwetu tuna ndugu wa kazi hiyo. Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamiriithu, karibu na Limuru nchini Kenya, walijenga uwanja wao wa wazi pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, wakacheza kwa Kigikuyu mpaka serikali ikapiga marufuku. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, Mwanza, wakaanza kwa kuwasikiliza wanakijiji na kutumia ngoma zao kabla ya kuunda mchezo wowote. Vijana wako wakisema wameichoka michezo ya kampeni, wasimulie Malya. Watagundua kwamba walichochoka nacho ni kutumwa.

Kuhusu wazazi, usibishane nao kwa jina la Mhindi wasiyemjua. Waulize bibi alipotamba hadithi alisimama kwenye jukwaa gani, na ngoma ya unyago au ya mavuno ilikuwa na pazia la rangi gani. Jukwaa la sanduku lililetwa na shule za kikoloni, na kabla yake watu wetu walikuwa wakikaa duara. Hata hivyo, wasikilize pia, kwa sababu katika jambo moja wana haki. Wameona vijana wengi wakisimama uani bila mazoezi, wakicheka katikati ya maneno, wakiita hiyo sanaa. Jukwaa na taa huficha uvivu. Ukivitoa, kila kidole kinaonekana. Sircar alijua hilo, na ndiyo maana nusu ya maisha yake ya pili aliitumia kufundisha.

Na ualimu wake haukuwa wa kuonyesha "fanya hivi kama mimi". Alikuwa anaendesha warsha za siku kadhaa, akianza na michezo ya kuaminiana, ya kutazamana, ya kuunda umbo moja kwa miili mingi, ya kutoa sauti bila maneno, mpaka kundi lisahau nani ni nyota. Maneno yalikuja mwishoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alifanya warsha Imphal, Manipur, kaskazini-mashariki mwa India, na miongoni mwa waliokuwepo alikuwa Heisnam Kanhailal, ambaye baadaye alijenga tamthilia ya mwili ya kwao kabisa, isiyofanana na ya Sircar. Kwangu hiyo ndiyo alama ya mwalimu mzuri. Mwaka 1980 alifundisha Cholamandal, karibu na Madras, kusini mwa India, na waliotoka hapo wakaibadili tamthilia ya Kitamil. Na mwaka 1984, Lahore, Pakistani ikiwa chini ya utawala wa kijeshi, kikundi kipya cha Ajoka kilianza maisha yake kwa kucheza *Michhil* kwenye uwanja wa nyumba ya familia ya mwanzilishi wake, Madeeha Gauhar. Tamthilia isiyohitaji ukumbi ilipata njia mahali ambapo kumbi zilikuwa na wasimamizi.

Nisikufiche upande wa pili. Wapo waliompenda Sircar wa *Ebong Indrajit* na wakahuzunika alipoacha mazungumzo yale mazuri akaingia kwenye miili na makundi, na nami nikizisoma tamthilia zake za mwisho nayakumbuka mazungumzo hayo. Watazamaji wa chumba kidogo ni wachache. Waigizaji wasiolipwa wanaoa, wanahamishwa kazi, wanachoka, na kila mwaka unaanza upya na wageni. Kuna tamthilia ambazo hazichezeki vizuri hivi, hasa zenye nafsi moja inayohitaji ukimya na umbali. Ukiwa na mchezo wa namna hiyo na mtu akakupa ukumbi, uchukue bila kuona haya. Sircar aliliacha jukwaa kwa sababu zake, hakulitangaza kuwa haramu kwa kila mtu.

Ualimu wako usiuache. Rafiki yako amekusimulia kama vile Sircar alitupa rula siku moja akatokomea uwanjani. Sivyo. Alikuwa mhandisi na mpangaji wa miji kwa miaka mingi huku akiandika na kuongoza, na mshahara huo ndio uliomwezesha kukataa asichokitaka. Mwaka 1992, akiwa na miaka 67, alihitimu shahada ya uzamili ya fasihi linganishi katika Chuo Kikuu cha Jadavpur. Mwaka 2010, mwaka mmoja kabla ya kufariki tarehe 13 Mei 2011, aliikataa Padma Bhushan, nishani ya serikali iliyo kubwa kuliko Padma Shri. Mtu wa namna hiyo hajengwi na kujinyima kwa ghafla. Una Jumamosi, una darasa lenye madawati yanayosogezwa, una vijana 11. Satabdi hakikuhitaji zaidi ya hapo.

Yapo mambo ambayo barua haiwezi kuyamaliza. Kabla ya kucheza sokoni au uwanjani, onana ana kwa ana na afisa utamaduni wa halmashauri yenu na mwenyekiti wa mtaa, na kwa walio bado shuleni pata idhini ya maandishi ya wazazi na ya mkuu wa shule. Ukitaka kutafsiri tamthilia yoyote ya Sircar, hakimiliki yake bado hai, maana sheria ya India inailinda kazi ya mwandishi kwa miaka 60 baada ya kifo, hivyo zungumza na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, namna ya kuomba ruhusa. Mazoezi ya kubebana na kuangukiana usiyaanzishe kwa kusoma tu, shingo na viuno havirudishwi kwa majuto. Nenda TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ukaombe mkufunzi wa mwili akae nanyi walau siku mbili, na kijana mwenye pumu au maumivu ya mgongo amwone daktari kwanza.

Wakati unasubiri hayo, Jumamosi hii sogeza madawati yawe vichochoro, waketishe wazazi wanaobisha kwenye kona, na vijana wapite katikati yao bila kusema neno, wakiwatazama machoni.